Stoo Isiyohitaji Kibali

Jumatatu, 4 Machi 2013

Careen ametangaza vita leo, tena wakati wa chai. Mama yake anakuja Pasaka. Atoke Usangi, milimani huko, apande basi, apande boti, na magoti yale! Atafika Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa Kuu. Atalala chumba cha wageni. Nikasema mgeni njoo mwenyeji apone. Careen akaniuliza huyo mgeni atalala juu ya friji ipi.

Ni kweli chumba cha wageni kina vitu. Friji tatu za hoteli, nzima kabisa, zinahitaji kifaa kidogo tu. Mashine ya bisi. Mashine ya kutotolesha vifaranga (ilitotoa mmoja, lakini alikuwa hodari). Spika mbili za harusi. Magunia ya makumbi ya nazi niliyoyafuata Baleni mwenyewe, ya kutengenezea magodoro. Mtu asiye na maono ataita takataka. Mimi naita mtaji.

Careen akashusha sauti. Akipiga kelele siogopi, akishusha sauti naogopa. Akasema mama akikikuta chumba hivyo kilivyo, Pasaka ikiisha wataondoka wote wawili, na mimi nibaki nikilea friji. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kabla ya kwenda zahanati alilishusha sanduku lake juu ya kabati na kulifuta vumbi.

Huyu Careen ni mke. Nesi ambaye Utende nzima inamsalimu yeye kwanza, ndipo wanikumbuke mimi. Miaka kumi na moja amenivumilia pamoja na vifaa vyangu vyote. Akiondoka sina nyumba, nina kuta tu. Nampenda sana. Naandika hapa kwa sababu kila nikitaka kumwambia nakuta nimeanza kumweleza habari za mashine ya bisi.

Kwa hiyo, stoo! Naijenga uani, upande wa pwani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Wiki tatu zinatosha na kubaki.

Jumatano, 6 Machi

Nimetoka shule mapema (Kidato cha Pili nimewaachia ramani wachore) nikaenda Kilindoni kumwona Bwana Obed, afisa ardhi.

Nimepata pigo. Utende iko ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo jengo lolote, hata banda la kuku, linataka barua ya kijiji, mchoro, muhuri wa halmashauri na ridhaa ya watu wa hifadhi. Hayo ni ya kawaida. Pigo lenyewe ni kwamba upande wa pwani hakijengwi kitu ndani ya mita sitini kutoka maji yanapofika yakijaa. Uani kwangu ni mita thelathini, na hapo nimejipendelea.

Lakini upande wa barabarani hakuna tabu, alisema. Stoo ndogo ya nyumbani, wiki tatu hivi, kibali mkononi. Akanichorea mchoro mwenyewe, bure. Akanijazia fomu kwa mwandiko ambao ningeuweka ubaoni wanafunzi wauige. Akanieleza kwa nini ufukwe unalindwa, mikoko inashika nini, kasa wanapanda wapi kutaga. Nimefundisha jiografia miaka mingi na nilikuwa nasikiliza mdomo wazi. Sijawahi kuona sheria ikielezwa vizuri namna ile. Nusura niifuate.

Lakini upande wa barabarani! Kila mpita njia achungulie mali yangu! Halafu itakuwa sambamba na stoo ya Sultanali, na watu watasema nimemwiga. Nimesaini ile fomu kwa heshima tu. Mtu kakuchorea mchoro, utamkatalia vipi?

Ijumaa, 8 Machi

Sasa nieleze habari za Sultanali, kwa sababu zinaninyima raha.

Mzee Sultanali ana duka la vifaa vya ujenzi Kilindoni na nyumba ya mapumziko hapa Utende, ukuta kwa ukuta na kwangu. Mwaka jana alijenga stoo, upande wa barabarani. Mabati ya msauzi ya kijani. Mlango wa grili. Mfereji wa mvua unaomwaga maji kwenye pipa lenye mfuniko. Na kibali chake amekitia kwenye fremu ya kioo na kukitundika mlangoni, utadhani shahada ya chuo kikuu. Kila nikipita nakisoma. Nakijua kwa moyo.

Leo nimempa shikamoo, akaitika marahaba mwalimu, akanikaribisha ndani nione rafu. Rafu zina majina! Misumari ina chumba chake! Nikasema si mbaya. Moyoni nilitaka kuishi mle.

Akasema nikitaka kujenga, mabati yamembaki, nichukue. Ujanja wa wafanyabiashara huo. Mtu hakupi mabati hivi hivi.

Nikaenda kutembea ufukweni kutuliza hasira. Na hapo, Bwana asifiwe, ndipo akili iliponifunguka. Nyuma ya nyumba ya jirani wa tatu kuna mashua inayotengenezwa chini ya paa la makuti. Iko hapo tangu nihamie Utende. Ndani mna nyavu, baiskeli, madumu na kuku anayeatamia. Na iko karibu na maji kuliko ua wangu! Nikamuuliza mwenye nyumba alipata wapi kibali. Akanishangaa. Akasema kibali cha nini, mwalimu, kwani hili ni jengo? Hiki ni chombo.

Nilicheka peke yangu njia nzima, mtu mzima. Sheria inasema jengo. Chombo si jengo. Nitaweka uani mashua inayotengenezwa, na itakuwa inatengenezwa mpaka nistaafu. Akili ni nywele, na mimi kumbe nywele ninazo.

Jumatano, 13 Machi

Nimepata chombo! Ganda la mashua kuukuu, kutoka kisiwa cha Jibondo, nimebadilishana na jenereta langu (linahitaji kifaa kidogo tu). Limevutwa kwa mashua nyingine, na maji yalipojaa vijana wakalipandisha mpaka uani, wakalisimamisha juu ya magogo. Omo, pua yake ya mbele, imeelekea baharini. Kwa juu nimejenga paa la makuti, nguzo nne.

Pamoja na ganda amekuja fundi wake, Ussi. Wajibondo kwa vyombo hawana mpinzani, hilo kila mtu hapa anajua. Maji ya kunywa waliletewa kwa mashua, shamba hawana la maana, lakini mpe Mjibondo mti uliopinda na tezo, urudi jioni. Ussi ni mtu wa maneno machache. Aligusa mbao moja moja kama Careen anavyogusa tumbo la mgonjwa. Akaniuliza nataka chombo cha kazi gani.

Sikumwambia ukweli, maana siri ya watu wawili hapa Utende inasikika Kirongwe, upande wa pili wa kisiwa. Nikamwambia mimi shida yangu ni moja tu: maji ya mvua yasiingie. Masika hiyo, ua wangu unakuwa bwawa. Nataka ndani pawe pakavu. Akafikiri, akaitikia kwa kichwa, akasema amenielewa.

Careen alitoka, akaiangalia ile mashua, akaniangalia mimi. Nikamweleza mpango wote, kwa kunong'ona. Akauliza kwa nini nisikubali ile ya barabarani kama Bwana Obed alivyosema. Nikamwambia hiyo ni njia ya watu wa kawaida. Akarudi ndani.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya ibada nimekaa kumtazama Ussi akifanya kazi. Niliacha hata chakula kipoe.

Anakalafati. Anachukua pamba iliyolowa mafuta, anaisokota, anaishindilia kwenye kila mwanya kati ya mbao na mbao kwa patasi na nyundo. Tak, tak, tak. Hapimi, anasikiliza. Sauti ikibadilika anahamia mwanya wa pili. Mataruma manne, zile mbavu za chombo, yaliyooza ameyatoa na kuweka mapya, na huwezi kuona pa kuunga. Nikasema fundi, si lazima uwe makini hivyo, mradi mvua isiingie. Akaniangalia kwa masikitiko, kama mimi ninavyomwangalia mwanafunzi anayeniuliza kama hii itatoka kwenye mtihani. Akasema maji ni maji, mwalimu. Hayajui yametoka juu au chini.

Hekima! Nimeiandika ubaoni kwa Kidato cha Tatu.

Mchana mvua ya kwanza kubwa imepiga. Ua ukawa bwawa, kama kawaida. Nikapanda ngazi, nikaingia ndani ya chombo. Pakavu! Pakavu kabisa, juu na chini! Nikaketi humo nikaimba tenzi tatu. Stoo ya Sultanali ina sakafu ya saruji, lakini sakafu yake haikutiwa pamba kwa mkono na Mjibondo. Nilimwonea huruma kidogo.

Alhamisi, 21 Machi

Vitu vyote vimehamia chomboni! Friji tatu chini kabisa katikati, spika, mashine zote mbili, magunia ya makumbi juu, turubai, kamba. Chumba cha wageni kitupu. Careen ameingia, akasimama katikati, akagusa ukuta ambao hatujauona tangu mwaka juzi. Halafu akanikumbatia. Akanishika muda mrefu, na mimi sikusema lolote kuhusu mashine ya bisi. Sanduku limerudi juu ya kabati. Nimeshinda!

Ussi alikuja kukagua mara ya mwisho. Alifunua turubai nikasema leo naumbuka. Lakini aliziona friji akatabasamu. Akasema mwalimu kumbe anajua, amekwisha kutia farumi, ule uzito wa kukifanya chombo kitulie majini kisilale ubavu. Nikasema naam, farumi. Nikabadilisha mazungumzo.

Baadaye akamwita Careen barazani, wakazungumza kwa muda. Nadhani ni mambo ya mtoto wake, alikuwa na homa. Careen aliporudi alikuwa amechangamka. Akaniuliza kama ni kweli Alhamisi ijayo kuna bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu. Jamani! Miaka kumi na moja sijawahi kuulizwa swali la jiografia na mke wangu. Nikamweleza jua, mwezi na dunia vinavyojipanga mstari mmoja, nikamchorea mezani kwa chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza tu maji yatajaa saa ngapi. Nikamwambia kama saa kumi alasiri. Akasema asante, mume wangu. Ndoa ni kitu kizuri.

Doa moja. Sultanali alikuja kuitazama mashua. Aliizunguka, akapapasa mbao, akasema mashallah, mwalimu, sikukujua. Kisha akasema lazima amwambie Bwana Obed aje aione. Obed! Nilijua tu. Mtu hakupi mabati hivi hivi.

Jumatano, 27 Machi

Mama Mkwe amefika. Boti ilimtikisa kutoka Nyamisati mpaka Kilindoni, lakini alishuka wima, khanga imekaa sawa, mkononi kapu la ndizi za Usangi ambalo hakumruhusu mtu kulishika. Nikampa shikamoo. Marahaba, akasema, akaangalia viatu vyangu.

Ukweli ni kwamba mama hajawahi kunikubali. Siku ya harusi alisema, mbele ya mchungaji, kwamba binti yake amepata mtu wa maneno. Leo ameingia chumba cha wageni. Akafungua dirisha, akapapasa kitanda, akachungulia uvunguni. Safi! Akasema ni chumba kizuri. Careen alinibana mkono. Nilitaka kuruka.

Kisha akatoka uani, akaona omo imetokeza chini ya makuti. Akauliza ile nini. Nikasema ni chombo changu, mama. Akauliza chako mwenyewe? Nikasema changu. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nipose. Alinitazama kama mtu.

Careen ananunua mchele wa kutosha kijiji kizima. Wanawake wanne wako uani wanachambua na kumenya vitunguu. Nikauliza kuna nini. Akasema Pasaka. Pasaka kubwa mwaka huu!

Alhamisi, 28 Machi

Mikono yangu imechubuka, nitaandika nikiweza.

Saa tisa mchana nilikuwa nimelala. Nikasikia watu. Nikadhani wamekuja kumwamkia Mama Mkwe. Nikatoka uani. Loo! Utende nzima ilikuwa uani kwangu! Wanaume wamefunga misuli, vijana wana kamba za minazi, wanawake wako ukutani, wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili wamekaa juu ya ukuta wa Sultanali. Na Ussi amesimama mbele ya omo, kavaa kanzu safi, anapanga magogo ya kuviringishia, moja moja, mpaka kwenye maji.

Nikamuuliza Ussi hawa wamekuja kufanya nini. Akanijibu kama mtu anayejibu mtoto. Chombo kimekwisha, bamvua ni leo, watu wamekuja kukishua, kukiingiza majini. Nikasema sijaita mtu. Akasema mwenye chombo haiti. Fundi ndiye anayetangaza, msikitini baada ya swala, na nyumbani anaambiwa mama ili apike. Ndivyo ilivyo tangu enzi za Kisimani, ule mji wa kale. Nani angengoja mwenye chombo aombe? Si atakuwa kama anaomba sadaka?

Nikamtafuta Careen. Alikuwa kwenye masufuria matatu ya pilau, anakoroga. Tangu asubuhi! Alijuaje? Mwanamke huyu ana maono.

Nikapanda jiwe, nikapiga kelele ngojeni! Wote wakanyamaza. Na katika kile kimya ndipo nikamwona Bwana Obed, kando ya Sultanali, viatu vimeng'arishwa, futi ya kupimia mfukoni. Akanisogelea kwa upole wake ule ule. Akasema ameitwa na mzee Sultanali kuja kushuhudia, na amefurahi mno. Akauliza kuna tatizo? Maana akitazama kwa macho tu, hapa ni ndani ya mita sitini. Kama hiki ni chombo, yeye hana neno, atashika kamba kama wengine. Kama ni kitu kingine, basi kwa masikitiko itabidi aandike.

Nilimwangalia Ussi. Nilimwangalia Mama Mkwe, aliyeletewa kiti cha mbele. Nilimwangalia Careen mlangoni, mwiko mkononi, kiganja mdomoni. Nilifikiria sanduku juu ya kabati. Stoo haramu, mbele ya mama mtu, mbele ya wanafunzi! Nilifikiria na friji zangu pia, nisijidai malaika.

Nikasema ni chombo.

Obed akavua viatu. Sultanali, mzee wa watu, akakunja suruali mpaka magotini. Makuti yakaondolewa upande mmoja. Ussi akapaza sauti, chombo cha mwalimu! Watu wakaitikia, kiende! Kamba zikakaza. Chombo cha mwalimu! Kiende! Nilikuja kushtuka, na mimi nimeshika kamba naitikia kiende, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jamani, watu hawa! Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, nasali wapi, nimetoka sehemu gani ya bara. Mtu ana chombo, basi chombo chake ni kazi ya wote. Gogo likiachwa nyuma, watu wanalikimbiza mbele. Mtu akichoka, mwingine anaingia nafasi yake bila kuambiwa. Bibi mmoja mgonjwa wa Careen, ambaye juzi hakuweza kukaa, alishika ncha ya kamba kwa vidole viwili na kuitikia kuliko vijana. Nimefundisha habari za ushirikiano wa jamii miaka mingi kutoka kitabuni, na leo nimeona kitabu hakijui lolote.

Maji yakaipokea mashua. Ikainuka, ikatikisika kidogo, ikatulia. Sawasawa kabisa! Haikulala hata kidole! Ussi akapiga makofi mara moja tu na kusema farumi ya mwalimu imekaa mahali pake. Tone la maji halikuingia. Watu wakashangilia, Mama Mkwe akapiga vigelegele vya Kipare ambavyo Ghuba ya Chole haijawahi kuvisikia, akaja akanishika mabega akaniita mwanangu. Nililia. Naandika kama ilivyokuwa: nililia, na sikujificha.

Pilau lilitosha wote. Nilikuwa kwenye sahani ya pili nilipokumbuka kwamba mali yangu yote iko baharini.

Jumamosi, 30 Machi

Jana Ijumaa Kuu nilitafakari mateso. Leo yameendelea.

Asubuhi imekuja boti ya hifadhi na Bi Tekla, anayeshughulika na vyombo. Mwanamke makini sana, alisimama kwenye boti inayoyumba akiandika na kalamu haikutetereka. Kwanza aliisifu mashua kwa dhati, akasema kazi ya Jibondo haijifichi. Kisha akaniuliza namba ya usajili. Akaniuliza ni chombo cha uvuvi, abiria au mizigo. Akauliza kama hizo anazoziona chini ya turubai ni friji, na zinafanya nini ndani ya eneo la hifadhi. Nikasema farumi. Akaandika farumi, akatazama tena, akaweka alama ya kuuliza. Amenipa mpaka wiki ijayo niende ofisini nikasajili. Ni jambo dogo, alisema, atanisaidia kujaza.

Wakati huo huo Bwana Obed amenitumia ujumbe. Anaomba, kwa heshima zote, nibomoe lile paa la makuti. Likiwa na chombo chini yake ni kivuli cha chombo. Likiwa halina chombo chini yake ni jengo. Nimesoma ujumbe ule mara kadhaa nikitafuta pa kupenyea. Hakuna. Mtu huyu angekuwa fundi, angekuwa wa Jibondo.

Na Mama Mkwe! Amepiga simu Usangi nzima. Kwa hesabu yake mkwe wake ana meli. Amesema harudi mpaka asafiri nayo walau mpaka Chole, kisiwa cha ng'ambo, na mchungaji wao ameombwa aiombee. Careen ana furaha isiyo na kifani, anaimba jikoni. Sanduku hata halitazami. Jioni nilimkuta amekaa barazani na mama yake, wananiangalia nikivuka maji mpaka kiunoni kwenda kufuata bisibisi yangu ndani ya chombo. Walikuwa wameegemeana. Chumba cha wageni, alisema Careen, hakijawahi kupendeza hivi.

Jumanne, 2 Aprili

Bwana Obed ameleta kibali! Mwenyewe, kwa pikipiki, siku ya kwanza ofisi kufunguliwa baada ya Pasaka! Mihuri yote mitatu. Stoo moja, ya matumizi ya nyumbani, upande wa barabarani. Akaniambia kumbe Sultanali ndiye aliyepita ofisi zote kuisukuma ile fomu, wiki tatu hizi zote, na siku ile alimwita pwani ili aone mwenyewe kwamba mwalimu ni mtu anayestahili kusaidiwa. Nilikwenda kumshukuru mzee. Akasema mabati yako pale pale, na Zenab mkewe akanipa sambusa za kubeba. Basi kuna watu hukupa mabati hivi hivi! Nimekaa naye saa nzima kati ya zile rafu zenye majina. Ni mtu mkubwa yule, na mimi nilimwona vibaya.

Careen amenieleza taratibu kabla ya kwenda kazini, mkono begani mwangu. Ussi na vijana watashusha vitu. Sultanali ana mabati. Obed kaleta kibali. Bi Tekla atanisaidia kusajili mashua, mama atasafiri nayo mpaka Chole, atarudi Usangi anatamba. Yaani sina la kufanya, alisema, zaidi ya kutofanya kitu. Akanisihi. Akasema mume wangu, safari hii tu.

Nilikubali. Nikaketi barazani nikisoma kibali, na kitu kizuri kinavutia kusomwa. Stoo moja. Matumizi ya nyumbani. Mwenye stoo, Elineema, yaani mimi. Nikarudia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba stoo isielee!

Nikasimama. Chombo kinataka usajili, namba, ukaguzi, maboya ya kujiokolea. Stoo inataka kibali tu, na kibali ninacho mkononi, mihuri mitatu! Kweli pameandikwa upande wa barabarani, lakini hilo ni suala la dira, na dira nafundisha mimi. Bi Tekla akija nitampokea kwa heshima na kumweleza kwamba hakukuwa na chombo hapa, kuna stoo iliyosogea kidogo. Hawa watu wazuri wote, Obed, Ussi, Sultanali, Tekla, kila mmoja anaijua kazi yake tu. Kuziunganisha hizo kazi kunahitaji mtu wa maono.

Nimenunua rangi nyeupe. Kesho maji yakipwa naenda kuandika ubavuni, herufi kubwa, zisomeke mpaka Chole: STOO.

Careen amerudi kutoka zahanati akaikuta rangi mezani, akauliza ni ya nini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, safari hii nafuata sheria. Akakaa chini pale pale mlangoni na kofia yake ya unesi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ni furaha, nadhani.